Gokati ya mashindano: steringi ishikwe wapi isisogee wakati wa kupima alaimenti?

SpanaKumiNaTatu, Kigoma

Wakuu, habari za kazi. Nina gokati ya mashindano (kigari kidogo cha mbio) hapa Mwanga: chesisi ya kiwandani yenye bomba la mm 30, injini ya fostroki, ekseli ya nyuma ni moja bila difu, tairi za mbele 10x4.50-5. Tairi za mbele zinalika upande wa ndani, na kwenye lami iliyonyooka dereva inabidi ashike usukani ukiwa umelalia kushoto kidogo.

Leza ya alaimenti sina, napima kwa futi na rula ya chuma. Kupima hakunisumbui, kinachonisumbua ni steringi kutotulia. Nikizungusha tairodi (fimbo inayounganisha steringi na tairi) ya kushoto, usukani unafuata. Nikihamia ya kulia, unarudi. Kijana akiushika kwa mikono napata tairi zimefunguka mbele mm 2 (mbele zimeachana kuliko nyuma), narudia bila kugusa kitu nakuta mm 4. Wenzangu mnashikiliaje steringi hadi kazi iishe? Na mnajuaje kwamba pale mlipoishikilia ndipo katikati penyewe?

MpiraWaTyubu, Ujiji

Chukua mpira wa tyubu ya baiskeli, zungusha kwenye usukani, vuta ufunge kwenye kiti kushoto na kulia. Ukivuta sawa pande zote unakaa katikati. Hakuna gharama.

StabuMbili, Tabora

Mkuu wa Ujiji, mpira utakuangusha. Mpira ni springi: ukisukuma tairodi kwa spana unakubali, ukiachia unarudi, lakini haurudi palepale. Na "kuvuta sawa" hakupimiki kwa macho. Afadhali hata kamba ya katani.

Ila shida kubwa ni kushika kwenye usukani wenyewe. Kati ya duara la usukani na tairi kuna habu, boliti ya habu, shafti ndefu, bushi ya juu, baringi ya chini, pleti ya tairodi, halafu tairodi na endi zake, yaani viungo vya ncha zake. Kila kimoja kina uchezaji wake mdogo, na shafti nayo inajipinda kidogo ikibanwa huku juu na kusukumwa kule chini. Ukifunga usukani umefunga mwisho wa mnyororo ulio mbali kabisa na unachopima. Funga chini, karibu na pleti ya tairodi iwezekanavyo.

Kwa nini mm 2 zinageuka mm 4? Kwenye gokati mikono ya stabu (ekseli fupi inayobeba tairi la mbele) na pleti vimepangwa kwa jiometri ya Ackermann, yaani ukikata kona tairi la ndani linakata zaidi ya la nje. Maana yake tou unayopima (kiasi tairi zilivyofunguka au kubana mbele) inategemea steringi iko wapi. Chukua gokati yenye umbali wa mm 1040 kati ya ekseli ya nyuma na stabu za mbele, na kingipini (boliti ambazo stabu huzungukia) zikiachana kama mm 830. Tairi zikiwa zimekata digrii 5 tu, tofauti ya tairi la ndani na la nje inaongeza karibu mm 1.5 za kufunguka, ukipima kwenye kipenyo cha tairi cha mm 254. Ndiyo namba yako inayocheza. Hukupima vibaya, ulipima steringi ikiwa imekata. Ukirekebisha tairodi kwa namba hiyo, steringi ikirudi katikati tairi zinaweza kuwa zimebana mbele kabisa, na gokati ya namna hiyo huwa haitulii kwenye mstari ulionyooka.

Sasa kutafuta katikati. Usiangalie usukani, huo ni wa mwisho kabisa. Angalia pleti iliyo chini ya shafti, ile yenye matundu ya tairodi. Pima kutoka katikati ya boliti ya tairodi ya kushoto hadi katikati ya boliti ya kingipini ya kushoto, kisha upande wa kulia hivyo hivyo, matundu yakiwa ya namba moja pande zote. Zungusha shafti mpaka vipimo viwili vilingane ndani ya nusu milimita. Hapo ndipo katikati, hata kama usukani unaangalia Burundi. Funga hapo.

DadaLethi, Kigoma

Naongezea kifaa chenyewe, maana kinatengenezeka saa moja kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi.

Shafti nyingi za gokati ni mm 20. Yubolti (boliti yenye umbo la U) ya bomba la maji la nusu inchi inaiingia vizuri, kwa sababu bomba hilo kwa nje ni kama mm 21. Ile nafasi ya milimita moja ijaze kwa bati la kopo la soda lililokatwa na kuzungushwa kwenye shafti. Usiweke kipande cha tyubu hapo, utarudia ugonjwa ule ule wa springi.

Chukua chuma bapa cha mm 25 kwa 5, urefu kama mm 300 (pima yako kwanza). Katikati toboa matundu mawili ya yubolti. Chuma hicho kikatize shafti, ncha zake mbili zilalie ile miguu miwili ya kishikio cha steringi inayotoka kwenye chesisi. Funga kila ncha kwenye mguu wake kwa klempu ndogo ya G. Funga yubolti mwisho, baada ya pleti kukaa katikati. Ukianza na yubolti, klempu zikikazwa zinaizungusha shafti kidogo na hutaona.

Weka kifaa chini kadiri tenki la mafuta linavyoruhusu. Tenki likizuia, litoe, kazi yenyewe haihitaji petroli karibu.

Kisha chora mstari mmoja wa rangi ya kucha unaopita juu ya yubolti na kuingia kwenye shafti. Mstari ukikatika wakati unakaza loknati (nati za kufungia tairodi), shafti imeteleza na vipimo vyote tupa. Halafu jaribu: sukuma mbele ya tairi la kushoto kwa kidole gumba, mwenzako ashike rula kwenye pleti. Pleti ikitulia lakini tairi likasogea zaidi ya nusu milimita, uchezaji uko kwenye endi ya tairodi au baringi za kingipini. Badilisha hivyo kwanza, alaimenti ya juu ya endi iliyolegea ni kupoteza asubuhi.

Usitoboe shafti ili upitishe pini ya kufungia. Nimeona watu wanashauri hivyo. Shafti hiyo ndiyo inayomshikilia dereva njiani, na tundu jipya ndipo itakapoanzia kupasuka.

SpanaKumiNaTatu, Kigoma

Dada, kaka wa Tabora, ahsanteni. Nimepima pleti. Ikiwa katikati kwa kingipini, usukani unalalia kulia kama sentimita 2 kwenye duara. Na nimetoa tairodi zote mbili, tundu kwa tundu: kushoto mm 271, kulia mm 265. Je, nizilinganishe kwanza zote ziwe 268 ndipo nianze?

StabuMbili, Tabora

Usizilinganishe kwa nguvu kabla hujajua kwa nini zimetofautiana. Kwenye chesisi iliyo sawa, pleti ikiwa katikati na tairi zote zikiangalia mbele, tairodi hutofautiana kidogo sana. Milimita 6 ni nyingi. Ama kuna mtu alikuwa anatafuta tou kwa kuzungusha upande mmoja tu huku steringi imelegea, ama stabu moja imepinda.

Stabu iangalie hivi: toa tairi, toa habu, weka rula ya chuma juu ya shina la stabu, izungushe pande zote, tazama mwanga. Mkono wa stabu nao pima: kutoka katikati ya kingipini hadi katikati ya tundu la tairodi, kushoto na kulia. Lazima vilingane.

Usukani kulalia pembeni wakati pleti imenyooka ni jambo jingine. Habu ya usukani wa gokati inafungwa kwa boliti inayopita ndani ya tundu la shafti, na usukani unakaa kwenye habu kwa skurubu tatu. Hakuna pa kurekebisha kidogo kidogo kama kwenye gari. Kwa hiyo sentimita 2 hizo ni shafti iliyojisokota, mara nyingi baada ya kugonga kizuizi au tairi la mwenzio. Itoe, ilaze juu ya kioo cha dirisha, iviringishe. Ikipanda na kushuka imepinda. Isipopanda, linganisha tundu la juu na pleti ya chini kwa macho: ndipo utaona msokoto. Hiyo inabadilishwa, hainyooshwi. Kuipasha moto na kuigonga ni kuiua nguvu.

MzeeWaTimazi, Ujiji

Vijana, mmeongea vizuri juu ya steringi, lakini hamjasema sakafu. Huku kwetu Kigoma gereji nyingi ziko kwenye mteremko, na sakafu ya saruji iliyopigwa kwa macho inaweza kupishana sentimita nzima kutoka tairi hadi tairi. Gokati haina springi. Tairi moja likiwa chini kidogo, chesisi inajisokota na kemba (mwinamo wa tairi kulalia ndani au nje) inabadilika, tou inafuata.

Chukua mpira wa levo ule wa waashi, mrefu wa kutosha kuzunguka gokati, jaza maji usiache povu ndani. Chagua sehemu nne zitakapokaa tairi, weka vipande vya tailizi au bati mpaka maji yasome sawa pote ndani ya milimita moja. Ziwekee alama za rangi kwenye sakafu, mara nyingine hutapima tena.

Tairi za mbele ziwekee nailoni mbili mbili zenye grisi katikati. Bila hivyo mpira unang'ang'ania sakafu, unazungusha tairodi na tairi haliendi, linajikunja tu. Ukiisukuma gokati kidogo, linaachia na kipimo kinaruka.

Upepo uwe sawa kushoto na kulia kabla ya yote. Psi 2 za tofauti zinatosha kuinamisha upande mmoja.

SpanaKumiNaTatu, Kigoma

Shikamoo mzee. Levo ya maji ninayo. Swali: kila tairi nitajuaje linaangalia mbele sawasawa, si jumla ya mawili tu? Na futi haipiti, mbele kuna pua na pedali, nyuma ya tairi kuna tenki na miguu ya steringi.

MzeeWaTimazi, Ujiji

Marahaba. Tumia kamba mbili za ujenzi, sambamba, kila upande moja. Kata skwea paipu mbili za mm 25, ndefu kama mita 1.7. Kwenye kila moja kata kijino cha msumeno kushoto na kulia, umbali kati ya vijino uwe mm 1600 kamili, paipu zote mbili sawa kabisa. Zikipishana milimita, kamba si sambamba tena na kazi imekwisha kabla ya kuanza. Zikate zikiwa zimefungwa pamoja, msumeno upite mara moja.

Paipu moja mbele ya gokati, nyingine nyuma, juu ya matofali, kamba zipite usawa wa katikati ya stabu, yaani kama mm 127 kutoka chini kwa tairi la mm 254, au pungufu kidogo tairi likiwa limelemewa. Sogeza paipu kushoto kulia mpaka kamba ziwe mbali sawa na ncha za ekseli ya nyuma, kisha sawa na kingipini mbele. Ncha za ekseli hakikisha kwanza zimetokeza sawa nje ya baringi pande zote, nyingi huwa zimesogea. Sasa kamba zimefuata mstari wa katikati wa chesisi.

Futi ya kukatiza huihitaji tena. Weka chuma kilichonyooka cha mm 500 kwenye rimu, kikigusa ukingo wa mbele na wa nyuma, pima kutoka kamba hadi ncha zote mbili. Tofauti ya ncha ni tou ya tairi hilo peke yake. Kumbuka chuma cha mm 500 kinakuza karibu mara mbili ya kipimo cha kwenye tairi: ukitaka mm 1 kwenye tairi, tafuta mm 2 kwenye chuma. Rimu ya alumini iliyogongwa itakudanganya, zungusha tairi nusu mzunguko upime tena uchukue wastani.

DadaLethi, Kigoma

Hapo mzee amemaliza. Niongeze namba za tairodi, maana ndipo watu wanapokosea spana.

Endi nyingi za gokati ni M8, thredi ya mm 1.25, upande mmoja wa kawaida na mwingine wa kushoto. Ukizungusha bomba la tairodi mzunguko mmoja, urefu unabadilika mm 2.5 kwa sababu endi zote mbili zinaingia au zinatoka pamoja. Mkono wa stabu ukiwa mm 100, robo mzunguko inasogeza tairi karibu mm 1.6 kwenye kipenyo chake. Kwa hiyo unapotafuta milimita moja, spana inasogea chini ya robo. Watu wanazungusha nusu, wanaona imepita, wanarudisha, wanaanza kulaumu steringi.

Legeza loknati zote mbili kwa spana 13, mojawapo inafunguka kinyume. Rekebisha. Kisha shika bomba la tairodi kwa spana ya pili wakati unakaza loknati, kwa sababu loknati ikikazwa inavuta bomba nayo. Baada ya kukaza, pima upya. Mara zote. Kipimo cha kabla ya loknati si kipimo.

Macho ya endi mbili yawe kwenye usawa mmoja: ukishika bomba linapaswa kucheza kidogo mbele na nyuma kwa vidole. Likiwa gumu, endi moja imelala na nyingine imesimama, steringi itakwama kwenye kona kali. Na thredi iliyobaki ndani ya bomba isipungue mm 12. Ukiona endi imetoka nje kuliko hapo, rudi kwa swali la stabu iliyopinda.

Kwa lami kavu anzia jumla mm 0 hadi 2 za kufunguka, nusu kila upande. Mvua ya masika ikilowesha lami watu hufungua zaidi sana, milimita 5 na kupanda, ili gokati ikubali kukata kona. Lakini ukiacha hivyo lami ikikauka tairi zitakwisha upande wa ndani, na ukizingatia bei ya kuzileta kutoka Dar sishauri.

MpiraWaTyubu, Ujiji

Sawa, nimekubali kuhusu mpira kwenye usukani. Lakini dereva anakaa ndani au nje wakati wa kupima?

StabuMbili, Tabora

Uzito uwe ndani, mikono isiwe kwenye usukani. Uzito unalegeza chesisi katikati, tairi za mbele zinainama juu kuelekea ndani na tou inabadilika. Kiasi gani kinategemea chesisi, ndiyo maana inapimwa na si kukisiwa.

Dereva hawezi kukaa saa nzima bila kujigeuza, akigeuka tu uzito unahama. Kwa dereva wa kilo 70 weka mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye kiti, na dumu la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20, mbele kidogo ya kiti mahali mapaja yanapokaa. Lifunge lisianguke. Kisha sukumasukuma gokati juu chini kwenye bampa la mbele na la nyuma ili itulie, ndipo ukague pleti kwa kingipini mara nyingine, maana chesisi ikilegea vipimo vile vya mwanzo vinaweza kuhama kidogo. Kemba panga kabla ya tou, kwani kugusa kemba kunaisogeza tou.

Mpira wako mkuu bado una kazi moja. Vuta kwa upole sehemu ya nyuma ya tairi mbili za mbele zielekee ndani, ili mbele zifunguke. Njiani tairi huburutwa na barabara na kusukumwa upande huo huo, kwa hiyo uchezaji wote wa endi unakaa kama utakavyokuwa gokati ikikimbia. Lakini mpira uondoe uchezaji tu, usibebe kazi ya kufuli, yaani kile kifaa cha Dada cha kushika shafti.

SpanaKumiNaTatu, Kigoma

Nimeelewa. Rula inaonyesha stabu ya kushoto ina mwanga wa kama milimita moja karibu na kingipini. Shafti kwenye kioo haipandi, lakini tundu la juu limepishana na pleti. Endi za M8 zenye thredi ya kushoto madukani hapa hakuna, za gari ni kubwa. Naweza kuchongesha?

DadaLethi, Kigoma

Endi yenyewe usichongeshe, ile duara ya ndani inahitaji chuma na usahihi wa kiwandani. Agiza Dar zije kwa basi, taja mambo matatu: M8, thredi ya kushoto, tundu la mm 8. Agiza nne za kila upande, zinakwisha kwa vumbi kuliko kwa kugonga. Bomba la tairodi ndilo fundi wa lethi anaweza kukutengenezea, mradi ana tapu ya M8 ya kushoto, na bomba liwe la heksagoni ili spana ishike. Stabu na shafti nunua, usichomelee.

Na kabla hujawasha injini siku ya kujaribu, toa kufuli. Lifunge kitambaa chekundu tangu unapoliweka, kirefu kifike kwenye kiti.